Masara, Mji Usiomtambua Shujaa Wake: Usomaji wa Mji wa Nyumbani katika Mchezo wa Pokémon kutoka Kigamboni

Wahakiki wanaoichambua michezo ya video ya kuvaa uhusika kwa kutumia kielelezo cha safari ya shujaa huupita mji wa nyumbani kwa haraka, kana kwamba ni mlango tu wa kutokea. Sehemu hii inapinga mazoea hayo kwa kuhakiki mji mmoja, Masara, ambao wachezaji wa toleo la Kiingereza wanaufahamu kwa jina la Pallet Town. Mji huo unapatikana katika Pokémon Red na Pokémon Green, iliyotolewa nchini Japani tarehe 27 Februari 1996 kwa ajili ya mashine ya Game Boy. Hoja inayojengwa ni kwamba kiini cha maana ya Masara kimo katika namna unavyompokea shujaa anaporejea, si katika namna unavyomwachia aondoke.

Mji wenyewe ni mdogo mno. Una majengo matatu: nyumba ya shujaa, nyumba ya mshindani wake na maabara ya Profesa Oak. Hauna duka wala kituo cha tiba. Chumbani kwa shujaa mna kompyuta iliyohifadhi dawa moja tu; sebuleni, televisheni inaonyesha filamu ya wavulana wanne wanaotembea juu ya reli. Mama anamwambia mwanawe kuwa wavulana wote huondoka nyumbani siku moja, na ushahidi anaoutoa ni kwamba ilisemwa kwenye televisheni. (Ni nadra kwa simulizi ya kishujaa kuiaga nyumba kwa hoja dhaifu kiasi hicho, na ndiyo sababu inagusa.) Kaskazini kuna nyasi ambazo Profesa anamzuia kijana asiziingie bila Pokémon. Kusini kuna bahari. Hakuna anayemzuia kuingia baharini. Hana tu cha kumvusha.

Jina nalo lina uzito. Masara kwa Kijapani hubeba dhana ya kitu kipya, cheupe, ambacho hakijaguswa, ilhali miji jirani imepewa majina ya rangi: Tokiwa kijani, Nibi kijivu, Yamabuki manjano. Watafsiri wa Kiingereza walichagua jina linalosikika kama ubao wa mchoraji wa kuchanganyia rangi. Si tafsiri mbaya, ingawa imegeuza wazo: ubao huo tayari una rangi, wakati Masara haina hata moja.

Tuje kwenye marejeo. Katikati ya mchezo shujaa hupata uwezo wa kusafiri juu ya maji, na kutoka kisiwa cha Guren anaweza kwenda kaskazini hadi akaingia kwao kwa upande uleule ambao mwanzoni ulikuwa kama ukuta. Baadaye, akishawashinda mabingwa wanne wa Ligi pamoja na mshindani wake, mchezo wenyewe humrudisha Masara. Hapo mchezaji aliyezoea ngano hutarajia vigelegele. Hapati. Mama anamwambia apumzike, kama alivyomwambia siku alipokuwa na Pokémon mmoja dhaifu. Jirani aliyesimama njiani bado anastaajabia teknolojia inayowezesha vitu kuhifadhiwa ndani ya kompyuta.

Kwa mujibu wa Vladimir Propp, aliyebainisha dhima 31 za ngano mwaka 1928, kurejea kwa shujaa ni dhima ya 20, kufika bila kutambuliwa ni ya 23, na kutambuliwa ni ya 27. Masara inakwama kwenye ya 23. Huenda ikatolewa hoja kuwa sababu ni ya kiufundi, kwani kaseti ya Game Boy ilikuwa na nafasi finyu ya maneno. Hoja hiyo haitoshi. Profesa Oak anasafiri mwenyewe hadi ukumbi wa Ligi, anampongeza shujaa na kumkemea mjukuu wake aliyeshindwa. Nafasi ya kuandika utambuzi ilipatikana, basi; ila uliwekwa ugenini.

Tofauti inakuwa dhahiri tukiuweka mchezo huu kando ya Utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Mama wa Liyongo anapeleka gerezani mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake. Liyongo anapochomwa kitovuni na mwanawe, anakwenda kupiga goti kisimani akiwa ameuvuta upinde, na watu wa mji wanakaa na kiu kwa kumwogopa hadi mama anapoombwa akamsihi. Mji huo unamjua shujaa wake vizuri mno. Unamhofu, unamsaliti, unahitaji maji anayoyazuia. Masara haimhitaji shujaa kwa lolote. Mama wote wawili wanamhudumia mwana, lakini ni mmoja tu ambaye huduma yake inabadili mkondo wa hadithi.

Chimbuko la utulivu huu linafahamika. Satoshi Tajiri, mbuni wa mchezo, alizaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akikusanya wadudu katika mabwawa na mashamba ambayo baadaye yalimezwa na majengo. Masara ni Machida iliyokatazwa kubadilika.

Msomaji aliyeko Kigamboni anaielewa tamaa hiyo bila kuelezwa. Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Temeke, ilifikiwa kwa kivuko cha Magogoni au kwa kuzunguka Kongowe, hadi daraja la mita 680 lilipofunguliwa Aprili 2016. Anayerudi Kibada au Mjimwema baada ya miaka kadhaa hukuta kuta na vibao vya viwanja palipokuwa na minazi. Hapa mji ndio unaorudi bila kutambulika, si msafiri. Kwa msomaji wa namna hiyo, nyumba inayosubiri vilevile ni faraja.

Hata hivyo, Kigamboni ina kumbukumbu nyingine inayoizuia faraja hiyo isikubaliwe kirahisi. Mpango wa Mji Mpya uliotangazwa mwaka 2008 uliwaweka wakazi wengi katika kusubiri, bila kujua kama wajenge, wauze au wahame. Kusubiri kulikuwa na mwenyewe, na aliyekubeba ni mkazi, si mpita njia. Mtafiti anaona kuwa uhakiki wa mji wa nyumbani ukitazama kwa jicho la shujaa peke yake unaificha gharama hii: utulivu unaompendeza anayerudi umelipiwa na waliobaki.

Masara ina ushahidi wake. Karibu na nyumba kuna msichana asiyepewa jina, anayemwambia shujaa kuwa naye analea Pokémon, na kwamba wakipata nguvu watamlinda. Analisema hilo kabla ya safari, na analisema tena baada ya ubingwa. Katika mchezo mzima Pokémon hao hawaonekani.