Taarab Chuoni: Nani Anafundisha Shairi?

Tangu Konsavatori ya Paris ilipoasisiwa mwaka 1795, elimu ya juu ya uimbaji na upigaji ala imekuwa na umbo ambalo vyuo vingi duniani vimelirithi: mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, chumba kilichofungwa mlango, na mwisho wa mwaka meza ya watahini. Umbo hilo limetoa mafundi wakubwa na si haki kulibeza. Lakini limetoa pia wengi waliojua kumridhisha mtahini, wasijue la kufanya mbele ya watu walioketi mkekani.

Katika karne ya ishirini walitokea waliojaribu kuufungua mlango huo. Mwaka 1960 Mantle Hood, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alishikilia kwamba msomi wa muziki wa watu wengine hana budi ajifunze kuupiga, kama ajifunzavyo mtu lugha ya pili. Mwaka 1983 Akademia ya Sibelius, Helsinki, ilifungua idara ya muziki wa jadi chini ya Heikki Laitinen. Huko wanafunzi walijifunza kwa sikio na kubuni palepale, badala ya kufuata nota tu. Mwaka uliofuata Peter Renshaw alianzisha katika chuo cha Guildhall, London, mpango wa kuwatoa wanafunzi wakapige muziki mahospitalini, magerezani na mashuleni. Kati ya hao watatu, Wafini ndio waliothubutu zaidi. Kubadilisha mahali pa kupigia ni rahisi kuliko kubadilisha namna sikio linavyofundishwa.

Unguja nayo ina fungu lake katika habari hii. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, kiliingiza darasani taarab, kidumbaki na ngoma, na wafundishaji wake wakawa wapigaji wenyewe, akiwamo Mohamed Issa Matona, mwana wa Issa Matona. Kabla ya hapo shule ilikuwa klabu. Kijana wa Ikhwani Safaa, klabu ya mwaka 1905, alikaa nyuma ya mzee wake akamtazama vidole. Siti binti Saad, aliyerikodi sahani zake za kwanza Bombay mwaka 1928, hakupita chuo chochote cha muziki.

Mabishano yaliyozuka juu ya taarab ya darasani kwa kawaida huishia kwenye nota. Je, karatasi yaweza kubeba robo sauti ya Bayati, ambayo kinanda hakina? Suala hilo lilijadiliwa na mabingwa katika Kongamano la Muziki wa Kiarabu, Cairo, mwaka 1932, na halikwisha. Kwa pwani hii, hata hivyo, si hilo lililo zito. Mwalimu mwenye sikio ataisahihisha robo sauti, nota ziwepo zisiwepo. Kinachoachwa mlangoni ni shairi.

Wimbo wa taarab ya asili, kwa kawaida, ni beti za mishororo mitatu, kila mshororo mizani kumi na sita: nane za ukwapi na nane za utao. Uchukuliwe mshororo wa kutungwa kwa ajili ya mfano tu: *Nimepanda mti wangu, kivuli wapata wao.* Ile *m* ya *mti* ni mizani kamili. Mwanafunzi aliyezoezwa uimbaji wa Kizungu amefundishwa kufungua kinywa na kuibebesha irabu sauti yote. Akifika hapo huimeza *m* au huizulia irabu isiyokuwepo, na mshororo unachechemea. Mwimbaji wa pwani hufumba midomo akaivumisha, na fidla ikamngoja. Halafu kuna kuvuta. Akiivuta *nimepanda*, anajisifu kwa jasho lake. Akiivuta *wangu*, anadai haki. Akiivuta *wao*, kuna mtu ukumbini ameinamisha kichwa. Hakuna nota itakayomwambia avute wapi. Atakayemwambia ni mtu anayejua kwa nini mtunzi aliliweka *wao* penye kina.

Na huyo mtu ana nafasi gani chuoni? Vyuo vikuu huajiri kwa shahada. Mzee awezaye kufumbua fumbo la beti tatu kwa saa nzima hana shahada, na mara nyingi hapigi ala yoyote. Kwa idara ya muziki si mwanamuziki, na kwa idara ya Kiswahili si mhadhiri. Anabaki barazani. Wanafunzi wanahitimu wakiwa na vidole vyepesi na maneno waliyoyakariri kama watu wanaoimba lugha ya kigeni, nao ni watoto wa Mji Mkongwe na Ng'ambo.

Mtihani nao unazidisha kosa. Taarab ni mazungumzo: mtu huinuka, akatuza, mwimbaji akarudia mshororo ule ule uliomgusa, na wapigaji wote wakageuka pamoja naye bila kuambiwa. Ujuzi wa kurudi huko, na wa kutambua kwamba anayetuza anamjibu jirani yake wa safu ya tatu, hauonekani katika dakika kumi mbele ya watahini walioshika kalamu. Afadhali mwanafunzi apewe alama kwa usiku mmoja wa harusi, mtahini akiwa amekaa miongoni mwa wageni, na kesho yake aulizwe: ubeti wa pili uliurudia kwa nini?

Chuo cha pwani kitakachotaka kulijaribu jambo hili hakihitaji jengo jipya. Kinahitaji kumtengea mtunzi mmoja saa mbili kwa wiki pamoja na waimbaji, kabla ala hazijafunguliwa mifuko, na kumlipa sawa na anayefundisha piano. Saa hizo zitapatikana kwenye jedwali la masomo. Zile za kukariri wasifu wa watunzi wa Vienna zaweza kupunguzwa bila mtu kuumia.