Sam Ntiro na Uzuri wa Zamani

Sam Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisomea uchoraji Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell, kisha katika shule ya sanaa ya Slade, London. Nchi yetu ilipopata uhuru, yeye ndiye aliyekuwa balozi wake wa kwanza Uingereza. Lakini popote alipokaa, brashi yake ilirudi nyumbani: kwenye migomba, na kwa watu wanaolima, wanaojenga na kuvuna pamoja. Mchoro wake wa mwaka 1956, wa wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, umehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, New York.

Je, kijiji hicho ni cha kweli? Watu wake ni wadogo, na sura ya mmoja haitofautiani sana na ya mwenzake. Ndugu wanaogombea kihamba hawamo, wala mjane aliyenyang'anywa shamba. Nasi wa Ufipa huzisifu hivyo hivyo enzi za ulezi na za malungu yaliyoyeyusha chuma, tukiiacha njaa nje ya hadithi. Wana wa Israeli nao, walipokuwa jangwani, walikumbuka samaki, matango na vitunguu vya Misri, wakausahau utumwa (Hesabu 11). Kumbukumbu hiyo iliwafanya waidharau mana waliyopewa siku ile.

Hata hivyo, Ntiro hakutamani vyakula vya zamani tu. Kinachojirudia katika picha zake ni kazi ya pamoja. Udogo wa watu wake basi una maana: hakuna anayejitokeza kuwa mkubwa, na hakuna aliyeachiwa mzigo peke yake. Hapo anaikaribia kumbukumbu tunayoiadhimisha mezani pa Bwana. Pale tunakumbuka, kisha tunatumwa.

Kwa hiyo picha hizi zinatupima sisi. Siku hizi mgonjwa asiye na fedha ya kulipa vibarua huliona shamba lake likimezwa na majani masika yote, nasi tunapita njia hiyo hiyo kwenda jumuiyani kusifu umoja wa wazee wetu. Siku jumuiya itakapobeba majembe kwenda kumpalilia, Ntiro atakuwa amesomwa vizuri hapa Sumbawanga.