Nani Kaudhika, Nani Kakosa

Barua yenyewe ilikuwa fupi: aya tatu za Kiingereza, muhuri chini, sahihi mbili. Wapimaji ardhi wa taasisi moja, ambayo sitaitaja, walikuwa wamepita Mtawanya na kusimika vigingi vyao kwenye makaburi ya zamani, katikati ya mikorosho. Mgeni hawezi kujua kwamba pale pamezikwa watu. Hakuna saruji wala majina, ni mawe tu na mti mmoja mkubwa. Wazee walilalamika, taasisi ikaandika kuomba radhi. Kwa kuwa mimi nimesoma na kwetu ni hapo hapo, nikapewa kazi ya kuitafsiri na kuisoma mkutanoni.

Barua yote ilisimama juu ya kitenzi kimoja, "offend". Walisema wanasikitika iwapo kuna mtu yeyote aliyekuwa "offended". Nikaandika: "Tunasikitika iwapo kuna yeyote aliyeudhika." Niliiona sentensi safi, nikaisoma kwa kujiamini.

Mzee mmoja, ambaye kwa ukoo ni babu yangu, akanyoosha mkono. "Mjukuu wangu, hebu rudia hapo." Nikarudia. "Sasa hapo nani kakosa?"

Nikaitazama karatasi. Hapakuwa na mkosaji.

"Basi barua hii inatusema sisi," akasema. "Inasema tumeudhika. Hilo tunalijua, babu. Hatukuhitaji kuandikiwa."

Watu wakacheka, nami nikacheka kwa aibu. Lakini nilirudi nyumbani nikijua kwamba nimesikia uhakiki bora wa tafsiri kuliko wowote niliousikia darasani.

Kitenzi hicho cha Kiingereza kimetoka Kilatini, ambako maana yake ilikuwa kugonga kitu, kujikwaa. Kutoka hapo kikazaa matawi mawili: kuvunja sheria, na kuumiza hisia za mtu. Matawi yote mawili yapo chini ya paa moja. Kwa hiyo mwandishi wa Kiingereza anaweza kusimama upande wa hisia huku akisikika kama anayekiri kosa.

Kiswahili kimejenga nyumba mbili. Kukosea kunamhusu mtendaji. Ni ndugu wa kukosa shabaha na kukosa njia: ulipaswa kufika mahali, hukufika. Kuudhi, kukera na kuchukiza vinaanzia kwenye moyo wa mtendewa. Unaweza kuniudhi bila kunikosea, kama mtoto anayelia ndani ya basi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Unaweza pia kunikosea bila kuniudhi, kama mtu aliyeniibia korosho usiku na mimi bado sijaenda kuhesabu magunia. Babu aliuliza habari za nyumba ya kwanza. Mimi nilikuwa nimemfungulia mlango wa nyumba ya pili.

Vijana wa leo tuna kitenzi cha tatu, kukwaza. "Samahani kama nimekukwaza," tunaandikiana. Kwa asili ndicho kilicho karibu zaidi na kile cha Kilatini, na makanisani kina uzito wake. Katika Mathayo sura ya 18, pale panapozungumzwa wadogo, Kigiriki kina kitenzi chenye picha ya mtego. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ilikipeleka kwenye "offend". Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya 1952 walichagua kukosesha, yaani kumfanya mwingine akose. Nadhani walichagua vizuri. Waliona kwamba jambo linalozungumzwa pale ni kuanguka kwa mtu, wala si hasira yake. Sisi tumelichukua neno kukwaza tukalitoa anguko lake, likabaki kuwa kuudhi kwa sauti ya upole. Na lina hila ndogo: aliyejikwaa anaweza kuulizwa kwa nini hakutazama njia.

Niliwahi kuuliza jinsi Kirusi kinavyotatua jambo hili, kwa sababu nchi hii ina wazee waliosoma Moscow. Kirusi nacho hakina paa moja. Kuna "obidet", kumuumiza mtu moyoni, hasa mtu aliyetarajia mema kutoka kwako. Nomino yake, "obida", ni donge la kinyongo linalobaki kifuani. Kuna "oskorbit", kumvunjia mtu heshima, kumshushia utu wake. Dostoyevsky alitumia neno la ukoo huo wa pili katika jina la riwaya yake ya 1861, na Waingereza wamelitafsiri jina hilo kwa namna zaidi ya moja. Mtafsiri wa Kirusi angeipata barua yetu, angelazimika kuuliza: wazee wa Mtawanya wameumizwa na ndugu, au wamevunjiwa heshima na mgeni? Jibu ni la pili. Kinyongo cha obida kinahitaji mapenzi kwanza, na sisi na wale wapimaji hatukuwahi kupendana.

Anayedhani hii ni michezo ya kamusi amsikilize Brutus wa Shakespeare, katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake 1963. Kaisari yupo chini, amekufa, na Brutus anawauliza wananchi mara tatu, kwa kitenzi hiki hiki, kama kuna yeyote aliyetendewa hivyo. Wanajibu hakuna. Angalia ujanja wake: maiti ipo, yeye anawauliza walio hai wanajisikiaje. Ukimtafsiri kwa kuudhi, hila inaonekana wazi. Ukimtafsiri kwa kukosea, swali lake linageuka kuwa zito, la mtu anayejiweka mbele ya hukumu. Ni Brutus wawili tofauti.

Kwetu kuna ushahidi mwingine. Kwenye msiba, mtani anaweza kumtukana marehemu, kuzuia jeneza, hata kuingia kaburini akidai alipwe ndipo atoke, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. R. E. Moreau aliandika kuhusu utani wa Tanganyika mwaka 1944, lakini bibi zetu hawakuhitaji kumsoma. Kama maudhi yangekuwa ndani ya tendo lenyewe, watani wote wangekuwa wamefungiwa milango. Wana ruhusa, hilo ndilo linalowatenga na wapimaji. Kwa hiyo kupima hasira za wazee hakutoshi. Swali ni nani aliwapa wale watu ruhusa ya kusimama pale.

Nilishawishika kuandika "tumewakosea". Lingekuwa neno zuri, na wazee wangelipokea. Lakini walioweka sahihi hawakulisema, na mtafsiri hana mamlaka ya kutubu kwa niaba ya mtu mwingine. Tangu sheria ya 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, neno kama hilo linaweza pia kufika mbele ya hakimu. Nikaandaa tafsiri mbili, moja ya kuudhika na nyingine ya kukosea. Nikazipeleka ofisini kwao, nikaeleza tofauti, nikawaomba watie sahihi moja.

Walitia ya kwanza.

Sikuwalaumu sana, angalau sasa walichagua wakijua. Niliirudisha Mtawanya, nikaisoma tena. Hakuna aliyecheka safari hii. Babu akaniomba niandike majibu, sentensi mbili tu, niyapeleke kwa Kiingereza: "Barua yenu tumeipata. Ile ya kuomba radhi bado tunaingoja."

Hiyo niliitafsiri bila kufungua kamusi.