Kuisoma Rangi ya Maji

Mto Sabaki, ambao huko bara huitwa Athi na kisha Galana, humwaga tope lake baharini kaskazini ya mji wa Malindi. Na uvumapo upepo wa kaskazi, tope hilo husukumwa kusini hata likaingia katika hifadhi ya bahari iliyowekwa mwaka 1968, ambako matumbawe hunyimwa jua lao, na kusi ishikapo hugeuka likaelekea ghuba ya Ungwana. Wavuvi wameyajua hayo tangu kale. Lakini kuyaona yote kwa mkupuo mmoja, tangu mlango wa mto hata kilindini, kumewezekana tu tangu setilaiti ya Nimbus-7, iliyorushwa mwaka 1978, ilipoanza kuipima rangi ya bahari kutoka angani.

Naistahi fani hii ya kuisoma rangi ya maji kwa kuwa ni fani ya kuondoa. Katika nuru yote ifikayo kwenye setilaiti ikiwa juu ya bahari, takriban sehemu 9 katika 10 hazikutoka majini kamwe, bali ni jua lililotawanywa na hewa na vumbi. Na mtaalamu hana budi kuziondoa zote, kwa hesabu na kwa hadhari, ili ibaki ile kidogo iliyozama ikarudi na habari. Mimea midogo ya bahari hufyonza nuru ya buluu, tope hurudisha nyekundu. Na pwani ndipo penye taabu, kwani kanuni ya kulinganisha buluu na kijani, iliyo sahihi katika bahari kuu, huweza kulidhania tope la mto, pamoja na rangi ya majani yaliyooza, kuwa ni mimea. Na mwenye haraka huchora ramani nzuri ya uwongo.

Ndiyo maana siku ipitapo setilaiti ya Sentinel-2, ambayo hurudi kila baada ya siku 5 na kuonyesha hata kipande cha mita 10, hupasa mtu awemo mashuani kabla ya adhuhuri, akiteremsha kwa kamba kisahani cheupe cha namna ile aliyoijaribu padri na mwanafalaki Angelo Secchi katika Bahari ya Kati mwaka 1865, hata kimpotee machoni, kisha aandike urefu wa kamba na kuteka maji ya kuchujwa, ili karatasi ya mchujo ikaushwe na kupimwa uzito. Chombo cha angani huhukumiwa na karatasi hiyo.

Masika, Sabaki ufurikapo, mawingu hufunga anga, na picha nyingi hurudi nyeupe tupu. Wastadi wa kweli huacha pengo hilo wazi katika ramani zao, wala hawalijazi kwa dhana.