Mpigaji Besi Mkongwe Arudipo Chuoni: Uchambuzi wa Ufundi kwa Mizani ya Inanga

Kundi la roki la U2, lililozaliwa Dublin mwaka 1976, lilikuwa limekwisha kuizunguka dunia na kujaza viwanja vikubwa vya Ulaya na Marekani wakati mpigaji besi wake, Adam Clayton, alipofanya jambo ambalo wanamuziki wenye sifa na mali hawalifanyi aghalabu: baada ya safari ya maonyesho iliyokoma Tokyo mwezi wa Desemba 1993, alikwenda New York akatafuta mwalimu, akampata Patrick Pfeiffer, akaketi mbele yake kujifunza ala ambayo ulimwengu ulikuwa umekwisha kumtukuza kwayo. Alikuwa ameipiga besi tangu ujana wake bila ya kufundishwa rasmi, na mamilioni ya watu walikuwa na santuri zake majumbani. Lakini alitambua kwamba kipaji kilichomfikisha pale kilikuwa na mpaka, na kwamba mpaka wa namna hiyo hauonekani na yule anayeishi ndani yake mpaka mtu mwingine amwonyeshe.

Katika miaka hiyo hiyo, mpigaji ngoma wa kundi la Rush la Kanada, Neil Peart, ambaye vijana wa nchi nyingi walikuwa wakimwiga pigo kwa pigo, alijiweka chini ya mzee wa jazi aitwaye Freddie Gruber, aliyezaliwa mwaka 1927. Gruber alimrudisha mwanzo kabisa, kwenye namna ya kushika vijiti na namna ya kuketi, na jicho lake lilikaa zaidi juu ya safari ya mkono hewani baina ya pigo na pigo kuliko juu ya pigo lenyewe. Ngoma na besi ni ndugu wa tumbo moja katika bendi, na kwa hiyo habari ya Peart yatufaa kufumbua habari ya Clayton: mtu aliyekwisha kuwa hodari huzijua noti, na akifundishwa noti zaidi huongezewa wingi tu, bali kile anachokikosa hukaa baina ya noti, mahali ambapo sikio lake lilikwisha zoea kupita bila ya kusimama. Hayo ndiyo madai ya makala hii, nami nataka kuyapima kwa ala iliyo karibu nasi, ambayo mpigaji besi wa wilaya ya Ngara au Biharamulo aweza kuifikia bila ya kuvuka bahari.

Ala hiyo ni inanga. Hupatikana Burundi, Rwanda, Kivu, kusini-magharibi ya Uganda na katika pembe hii ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, ambako Wahaya huiita enanga. Katika Kagera, watambaji wa enanga walikuwa watu wa hadhi katika nyua za watawala, na profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizikusanya na kuzichambua tendi zao, zikiwamo zile za Rukiza na Kachwenyanja, akaonyesha kwamba ni fani kamili ya utendi, yenye kustahili kuwekwa safu moja na tendi za mataifa mengine. Miongoni mwa mafundi aliowatangaza ni Habibu Selemani, ambaye sauti na nyuzi zake zilikwenda pamoja kwa muda mrefu wa masimulizi pasipo moja kuifunika nyingine. Kwa mtu aliyelelewa na gitaa la umeme, jambo hilo la mwisho latosha kuwa sababu ya kuomba kufundishwa.

Tuitazame ala yenyewe kwanza, kwa kuwa ufundi wa mkono hufuata umbo la chombo. Inanga ni ubao uliochongwa ukaachiwa bonde la kina kifupi, mfano wa sinia refu, ambao urefu wake hukaribia mita moja. Juu ya bonde hilo hupitishwa nyuzi saba au nane, pengine zaidi, na ajabu yake ni kwamba nyuzi hizo kwa asili ni kamba moja tu, iliyosokotwa kwa mishipa au utumbo wa ng'ombe, inayokwenda na kurudi kwenye meno yaliyochongwa katika ncha mbili za ubao. Hakuna vigingi vya kukazia kama vya gitaa. Fundi akitaka kuupandisha uzi mmoja huivuta kamba kutoka uzi jirani, na jirani huyo naye hulegea akadai kutengenezwa. Kwa hiyo kuilinganisha inanga ni kuleta suluhu baina ya nyuzi zote kwa pamoja, na mwenye haraka hataimaliza kazi hiyo. Sauti zake ni tano, kisha hurudia juu au chini kwa umbali wa oktava, na kipimo chake ni sikio la fundi na lugha ya wimbo.

Sasa tuiweke besi kando yake. Besi ya umeme ya kawaida, ya namna ile aliyoitoa Leo Fender mwaka 1951, ina nyuzi nne za chuma zenye urefu wa kiasi cha sentimita 86, na uzi wake mnene kabisa hutetemeka mara 41 hivi kwa nukta moja. Shingo yake imegawanywa kwa vipande vya chuma, kila hatua imekwisha pimwa na kiwanda, na mkono wa kushoto hukimbia juu ya shingo hiyo kutafuta noti ilhali wa kulia unachokoa. Mpigaji wa roki aliyekaa na ala hii miaka mingi huwa ameweka fahari yake yote katika mkono wa kushoto, katika wepesi wake na umbali wa vidole vyake. Akiketi mbele ya inanga, mkono huo hukosa kazi mara moja. Kila uzi una sauti yake moja, hakuna mahali pa kubonyeza, na mikono yote miwili yatakiwa ichokoe, mmoja ukishika mzunguko unaorudia na mwingine ukijibu. Ile elimu ya kushoto haina pa kujionyesha, na mwenye nayo hubaki na mambo mawili tu: wakati wa kuugusa uzi, na nguvu ya kuugusa.

Hapa ndipo somo la kwanza linapopatikana, nalo ni somo la mwisho wa noti. Uzi wa chuma wa besi, ukichokolewa na kuachwa, huimba kwa nukta nyingi, na kipaza sauti huuongezea umri. Kwa sababu hiyo mpigaji wa roki huzoea kuiacha noti ife yenyewe au iuawe na noti inayofuata. Uzi wa mshipa juu ya ubao husema upesi na kunyamaza upesi. Mpigaji inanga hupanga ukimya kwa makusudi yale yale anayopangia sauti, naye hujua kwamba msikilizaji huyapima mapigo kwa nafasi zilizo baina yake. Mwanafunzi aliyelielewa jambo hili akairudia besi yake, hugundua kwamba kazi kubwa ya vidole vyake vya kushoto ni kulegea kwa wakati uliokusudiwa, na kwamba ubavu wa kiganja cha kulia, ukilazwa taratibu karibu na daraja la nyuzi, waweza kuifanya noti ya chuma ipumue kama ya mshipa. Wazee wa besi wa Marekani walilijua hilo kwa njia yao: James Jamerson, aliyezitia nguvu nyimbo za kampuni ya Motown huko Detroit, alichokoa kwa kidole kimoja tu cha shahada na alikaa na nyuzi zake kuukuu bila ya kuzibadilisha, maana ung'avu wa nyuzi mpya ulimwondolea ile sauti fupi na nzito aliyoitaka.

Somo la pili ni la usemi, na kwangu mimi ndilo lenye utajiri kuliko yote. Katika Burundi kuna namna ya kupiga inanga ambayo mwimbaji wake hanyanyui sauti. Hunong'ona maneno yake kwa pumzi tupu, na nyuzi huenda sambamba na kunong'ona huko. Mnong'ono, kwa tabia yake, hauna lahani, kwa kuwa nyuzi za kooni hazitetemeki. Walakini msikilizaji husikia kana kwamba mnong'ono ule unapanda na kushuka kwa wimbo. Mtafiti Cornelia Fales alilichunguza jambo hili akaeleza kwamba sikio huichukua lahani ya nyuzi likaivika pumzi ya mwimbaji, likavifanya vitu viwili kuwa kimoja. Jambo hili lawezekana kwa sababu Kirundi ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa silabi ni sehemu ya maana, na nyuzi huufuata mwendo huo wa maneno. Lugha za Kihangaza na Kishubi zisemwazo Ngara ni jamaa wa karibu wa Kirundi, na mzaliwa wa wilaya hii anayo tayari masikioni mwake ile ngazi ya usemi ambayo mgeni angeitafuta kwa miaka.

Mpigaji besi afanye nini na elimu hiyo? Achukue sentensi moja ya lugha ya mama yake, aitamke polepole, kisha aitafutie noti tano tu juu ya besi, pasipo kuongeza ya sita, akifuata mahali sauti inapoinuka na mahali inapotua. Aitamke tena kwa mnong'ono huku akipiga, na aendelee mpaka asikie kwamba mnong'ono wake umepata lahani. Akifika hapo atakuwa na mstari wa besi ambao hakuuiga katika santuri yoyote, wenye pumzi za msemaji, wenye kutua panapotua maana, na unaoweza kukaa chini ya mwimbaji bila ya kumsonga. Bendi zetu za dansi, tangu zama za NUTA Jazz hata Mlimani Park, zilikuwa na besi za namna hii, zinazozungumza na kuacha nafasi, na huenda vijana wanaozistaajabia hawajatambua kwamba utamu wake ni utamu wa maongezi.

Somo la tatu ni la kiasi cha sauti. Inanga ni ala ya chumbani na ya uani. Wasikilizaji hukaa karibu nayo, na anayetaka kusikia hujisogeza. Mpigaji wa roki hufanya kinyume chake, huisogeza sauti kwa nguvu ya umeme mpaka imfikie aliye mbali. Ajifunzaye kwa mzee wa inanga hana budi aipunguze besi yake mpaka iwe sawa na ubao ule usio na umeme, na hapo makosa yaliyokuwa yakifichwa na ukubwa wa sauti yote hutoka nje: kidole kinachokwaruza, noti mbili zisizolingana kwa nguvu, pigo linalotangulia kwa ajili ya hofu. Ni mtihani mchungu kwa mwenye sifa, ila hakuna tiba nyingine iliyo dhahiri kama hiyo.

Nimefika sasa kwenye adabu, ambayo wengi huitenga na ufundi, nami naona kwamba ni sehemu ya ufundi wenyewe. Mwenye kumwendea mzee aingie kwa shikamoo, aketi chini ya kiwango chake, na asiitoe besi yake siku ya kwanza kumwonyesha anachokijua. Maana mzee akiisha kusikia ustadi wa mgeni, kwa heshima yake atamfundisha kama mwenziwe, na mambo ya mwanzo, ambayo ndiyo yaliyokosekana, atayaruka kwa kudhani kwamba yamekwisha julikana. Asikilize wimbo mzima kabla ya kuuliza, na akiuliza aulize kwa kuomba kurudiwa, kwa kuwa mkono wa fundi hueleza zaidi ya ulimi wake. Takaburi humnyima mtu elimu kwa njia iliyo wazi kabisa: mwenye nayo hushughulika kupanga jibu wakati ule ambao sikio lake lingekuwa likipokea. Clayton na Peart, kila mmoja kwa wakati wake, walikubali kuonekana wageni katika kazi iliyowapa majina, na faida waliyoipata ilitokana na kukubali huko.

Hazina hii ina muda wake. Utawala wa machifu, uliowalea watambaji wengi wa nyuzi, ulifutwa katika Tanganyika mwaka 1963, na tangu hapo fani hii imeishi kwa mapenzi ya wenyewe, katika arusi na mikusanyiko ya majirani. Hata hivyo Ngara inavyo vyombo vya kuisaidia. Redio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi baada ya mamia ya maelfu ya Wanyarwanda kuvuka daraja la Rusumo mwaka uliotangulia, imezoea kusema na watu wa lugha nyingi za mpaka huu, na saa moja ya inanga kwa juma, pamoja na maelezo ya fundi mwenyewe juu ya mikono yake, ingekuwa darasa lisilo na karo kwa kila mpigaji wa Ngara na Biharamulo.

Basi wewe kijana wa bendi, na hata wewe uliyekwisha pata jina Mwanza au Dar es Salaam ukarudi likizo Rulenge, Kabanga au Nyakahura, ulizia nyumbani kwenu ni nani apigaye inanga, umwendee mikono mitupu, na umwombe akufundishe wimbo mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Mzee akiwa hai na wewe ukiwa tayari kunyamaza, chuo kimekwisha kufunguliwa.