Kuligeuzia Jua Mgongo

Bukoba jua halizami ziwani. Ziwa Victoria liko mashariki ya mji, kwa hiyo jua huchomozea majini na jioni huzama nyuma ya vilima, upande wa migomba na mibuni. Mpiga picha mgeni aliyezoea machweo ya Zanzibar, yale ya jahazi jeusi mbele ya mpira mwekundu, hufika ufukweni na hamu yake, akageuka huku na huku, kisha akauliza jua liko wapi. Mwenyeji humwonyesha kisogoni. Basi mgeni hukunja vifaa vyake akaenda kunywa chai.

Na hapo anapoondoka ndipo fundi wa picha za kubana muda, wenyewe huziita taimulapsi, anapotandaza miguu mitatu ya stendi yake mchangani na kuelekeza kamera mashariki, mahali ambapo kila mtu anaona hakuna kitu.

Kitu kipo. Dakika kama kumi baada ya jua kuzama, juu kidogo ya upeo wa maji hutokea mkanda wa bluu iliyochakaa, rangi ya bati la zamani, na juu yake mwingine wa waridi. Si wingu wala moshi wa mashamba. Ule wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe, kinapanda angani. Bukoba iko nyuzi moja na theluthi tu kusini ya ikweta, kwa hiyo jua halishuki kwa mshazari kama linavyofanya Ulaya. Linakwenda karibu wima, nyuzi moja kila dakika nne, na kivuli nacho hakichelewi. Hata hivyo jicho halioni mwendo huo, kama lisivyouona mshale wa saa. Kamera inayopiga picha moja kila sekunde tano kwa saa nzima hurudi na picha 720, na zikichezwa 25 kwa sekunde, saa hiyo hugeuka filamu ya sekunde 29 hivi. Ndani yake usiku unaonekana ukijaa kutoka majini, kama maji yanavyopanda ndani ya ndoo.

Kivuli hicho ndicho pia kinachowafanya wapiga picha wa roketi kuipenda saa ya magharibi kuliko saa nyingine yoyote. Tarehe 22 Desemba 2017 roketi ya Falcon 9 iliondoka kituo cha Vandenberg, California, kama nusu saa baada ya jua kuzama, ikiwa na setilaiti kumi za kampuni ya Iridium. Mji wa Los Angeles ulikuwa tayari gizani, lakini roketi ilipopanda ilitoka ndani ya kivuli na kukutana na jua upya, na moshi wake ukatanuka angani mweupe na bluu, mfano wa kiwavi wa baharini mwenye mikia. Madereva walisimamisha magari barabarani, wengine wakidhani ni viumbe wa sayari nyingine. Waliorudi na filamu nzuri walikuwa wale waliokwisha kusimika stendi zao mapema, wamejua roketi itaelekea kusini, na wamechagua kipande cha anga ambacho bado kilikuwa kitupu.

Afrika Mashariki nayo iliwahi kurusha roketi. Kwenye jukwaa la San Marco, lililosimama baharini kaskazini ya Malindi, Waitalia walirusha setilaiti kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Mojawapo, ya Wamarekani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Roketi za pale zilielekezwa mashariki ili zipate msukumo wa dunia inavyojizungusha. Mpiga picha wa Malindi, kwa hiyo, angetazama kule kule anakotazama wa Bukoba. Lakini jioni isingemfaa sana: chombo kinachokwenda mashariki saa ya magharibi kinakimbilia gizani. Kwake yeye ingefaa alfajiri. Mambo ya namna hii, ya kujua mwanga utatoka wapi na utakwenda wapi, ndiyo nusu ya ufundi, na hayauzwi dukani pamoja na kamera.

Roketi ya Bukoba ni mwezi mpevu. Siku ya mwezi kujaa, unachomoza ziwani karibu na wakati ule ule jua linapozama, na kwa kuwa hapa ni jirani na ikweta, nao hupanda karibu wima. Kutoka ncha ya juu kugusa upeo hadi mwezi mzima kujitenga na maji hupita dakika mbili na sekunde chache tu. Muda wake unajulikana miaka mingi kabla, hauahirishwi kwa hitilafu ya mafuta, na bado watu huukosa. Huukosa kwa sababu ya saa. Saa za Tanzania zimefuata mstari wa nyuzi 45 unaopita huko baharini, mashariki ya Zanzibar, wakati Bukoba iko karibu na nyuzi 32. Jua la hapa huzama kama nusu saa nyuma ya lile la Dar es Salaam, na anayekuja na mazoea ya Pwani hudhani kila kitu kimechelewa.

Tumtazame fundi huyo mwaloni Nyamukazi, hapo Bukoba, kisiwa cha Musira kikiwa mbele yake. Amefika saa kumi na moja. Kabla mwanga haujapungua amelenga lenzi kwenye miamba ya Musira mpaka imekuwa kali, kisha akaizungushia karatasi ya gundi pete ya kulengea ili isisogee. Begi la mawe ameliningʼiniza chini ya stendi, kwa kuwa upepo wa ziwa una tabia ya kuamka ghafla. Betri ya akiba iko mfuko wa shati, karibu na mwili. Jua linapozama, shata hufunguka kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Usiku ukiingia itahitaji sekunde nne nzima, na hisi ya kamera ipandishwe mara kumi na sita. Ukizidisha, ni tofauti ya mara elfu nane kati ya picha ya kwanza na ya mwisho. Tofauti hiyo haivukwi kwa mruko mmoja. Ukiruka hivyo, filamu itapepesa kama balbu yenye waya mbovu. Inavukwa kwa theluthi theluthi, miguso 39 ndani ya saa moja, na kila mguso uwe mwepesi kiasi kwamba stendi isihisi. Fundi wa namna hii hata kukohoa hukohoa kando.

Kamera za sasa zinaweza kufanya hesabu hiyo zenyewe, na hakuna ubaya. Ila wingu moja likipita mbele ya mwezi, mashine hushtuka na kuongeza mwanga. Binadamu hungoja wingu lipite.

Mwezi ukiwa mwandamo mambo hugeuka. Wavuvi wa dagaa hupumzika kwenye mbalamwezi na kuingia ziwani gizani, maana taa yao haina nguvu mbele ya mwezi. Zamani ilikuwa karabai, ukiisikia ikinguruma. Siku hizi nyingi ni taa za sola. Zinaelea juu ya maji, wadudu wanazifuata, dagaa wanafuata, wavu unafuata. Kwa mtu aliyekaa ufukweni ni mji uliotulia upande wa pili. Kwenye filamu si mji hata kidogo: taa zinatawanyika, zinakusanyika, moja inajitenga na kurudi, na ziwa lote linachemka. Siku hizo hizo za giza ndipo wadudu wa ziwa hutoka majini kwa mamilioni na kusimama angani kama nguzo za moshi mweusi. Nguzo ikielekea nchi kavu, picha 40 zinazofuata zitakuwa za mabawa yaliyonata kwenye lenzi.

Anayetaka kuziona taa zote hupanda Muleba. Kamera iliyo mita mbili juu ya maji haioni uso wa ziwa zaidi ya kilomita tano. Mita 300 juu yake, upeo husogea hadi kilomita 60 na ushee. Ndiyo maana ukingo wa nyanda za juu za Kamachumu, huko Muleba, penye baridi ya kuvalia koti, unastahili safari ya kubeba stendi begani, ingawa kule ukungu huja bila hodi na lenzi hulowa umande. Novemba na Desemba kuna mgeni mwingine: panzi aitwaye senene. Watu huwatega kwa kuwasha taa kali mbele ya mabati yaliyosimikwa juu ya mapipa, na anga la kijiji hugeuka jeupe. Mpiga picha za nyota hulalamika. Mwenye akili huigeuza kamera, akaacha shata wazi sekunde nne, na kila senene anayepita kwenye mwanga huchora mstari wake, maelfu ya mistari, cheche za kijani zinazodondokea pipani.

Jioni nyingi hazizai kitu. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, nyingi zikipiga usiku juu ya maji, na mvua ya Bukoba haiombi ruhusa.

Lakini jioni isiyo na wingu, saa moja na nusu, kamera ikiendelea kuhesabu sekunde tano tano, fundi hukaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa akila ndizi ya kuchoma. Hana la kufanya. Nyumbani ndipo atakapoona, akipitisha picha moja moja kwenye kompyuta, nukta angavu iliyokatiza juu ya Musira ikielekea mashariki: Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi kwenda juu, bado kikiota jua ambalo Bukoba ilikwisha kuliaga. Iko kwenye fremu ya 611, ya 612, ya 613. Kwenye ya 614 imegeuka rangi ya kutu. Kwenye ya 615 kuna anga tupu, na chini yake taa ya kwanza ya dagaa.