Ngome ya Mashaka: Uhakiki wa Ngome ya Giza katika Kitabu cha John Bunyan

Katika sharika zetu, kuanzia Kilosa hadi Mikumi, ni nadra mkutano wa Injili kumalizika pasipo mhubiri kuwaita wasikilizaji wazibomoe ngome za giza. Usemi huu umeenea katika maombi na katika nyimbo za kwaya. Hatukusudii kuudharau, maana umetoka katika Maandiko. Lakini ngome ni kitu cha vita, na anayeitaja madhabahuni hana budi kujua inafanya kazi gani, ni nani anayeikalia, na inaangukaje. Kwa ajili hiyo tumechagua kuihakiki ngome moja ya kubuni inayofahamika sana kwa Wakristo, yaani Ngome ya Mashaka katika kitabu cha John Bunyan kiitwacho kwa Kiswahili Safari ya Msafiri.

Bunyan hakuandika habari za ngome kwa kusikia tu. Kati ya mwaka 1644 na 1647 alikuwa askari wa jeshi la Bunge la Uingereza katika kituo cha Newport Pagnell. Baadaye, kuanzia 1660 hadi 1672, alifungwa katika gereza la Bedford kwa kosa la kuhubiri bila kibali. Hivyo aliijua ngome kwa upande wa mlinzi, na tena kwa upande wa mfungwa. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake ilitoka mwaka 1678, na ya pili mwaka 1684. Sehemu hizo mbili zinasimulia habari za ngome ile ile kwa namna mbili tofauti, na katika tofauti hiyo ndimo swali letu lilimo.

Katika sehemu ya kwanza, Mkristo na mwenziwe Tumaini wanaiacha njia kwa sababu inawaumiza miguu, wanafuata kijia cha pembeni chenye majani laini, usiku unawakuta, nao wanalala. Asubuhi Jitu Kukata Tamaa linawakamata kwa kosa la kuingia katika ardhi yake. Linawatia katika shimo lenye giza tangu Jumatano hadi usiku wa Jumamosi, bila chakula wala maji, likiwapiga kwa rungu na kuwashauri wajiue wenyewe.

Tukiipima ngome hiyo kwa macho ya kivita, tunashangaa. Haina jeshi, haina mizinga, wala haitajwi kuwa na mlinzi. Ndani yake mna jitu moja na mkewe. Tena jitu lenyewe hupatwa na kifafa siku za jua kali, mkono wake ukalegea usiweze kufanya kazi. Nguvu ya ngome hii basi iko wapi? Iko katika kumshawishi mfungwa kwamba hakuna mlango. Rungu laumiza, lakini ushauri ndio unaokusudiwa kuua.

Sisi wa nchi hii tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi. Tarehe 29 Novemba 1884, huko Msovero katika Usagara, ambayo leo iko wilayani Kilosa, Carl Peters alipata alama ya mtawala Mangungo chini ya karatasi iliyodai kumpa nchi. Baada ya karatasi yalifuata maboma, na Kilosa ikawa kituo kimojawapo cha utawala wa Wajerumani. Boma halikuhitaji askari wengi. Lilihitaji ukuta mweupe unaoonekana kwa mbali, kodi, mnyororo, kiboko, na sifa ya kutoshindika. Hata leo, vizazi vingi baada ya Wajerumani kuondoka, wazee wakienda kwenye ofisi ya serikali husema wanakwenda bomani.

Hapa lazima tumkosoe Bunyan kidogo, au tuseme, tumsome kwa macho yetu. Katika hadithi yake wasafiri ndio waliovuka mpaka, na jitu lina haki fulani juu yao. Katika Usagara mambo yaligeuzwa: aliyevuka mpaka ndiye aliyejenga ngome, na wenye nchi wakafanywa wageni. Kwa hiyo mhubiri asiwaambie watu wetu kwa haraka kwamba kila aliye katika giza ameiacha njia kwa uvivu wake. Wako waliojengewa ngome juu ya vichwa vyao.

Tena tunajua gharama ya kuishambulia ngome kwa silaha isiyofaa. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilifika hata kwa Wavidunda, ambao milima yao iko kusini ya Mikumi. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliliendea boma la Mahenge wakiamini kwamba dawa ingegeuza risasi kuwa maji. Bunduki mbili za rashasha ziliwafyeka. Baadaye njaa, iliyoletwa kwa kuchomwa kwa mashamba na maghala, iliua wengi kuliko risasi. Ujasiri wao hatuna haki ya kuucheka, lakini ahadi waliyopewa haikuwa ya kweli.

Mkristo naye anatoka kwa ahadi. Usiku ule, baada ya kuomba, anakumbuka kwamba kifuani mwake mna ufunguo uitwao Ahadi. Unafungua mlango wa shimo, kisha mlango wa nje, na mwisho geti la chuma, ingawa kwa taabu. Hakuna ukuta uliovunjwa wala damu iliyomwagika. Wakiisha kutoka, wanasimamisha nguzo yenye maonyo kwa ajili ya watakaofuata.

Katika sehemu ya pili, Moyo Mkuu na wenzake wanarudi na panga. Wanaliua jitu na mkewe, wanaibomoa ngome kwa siku saba, na kuwatoa wafungwa wawili walio hai. Kichwa cha jitu kinatundikwa mbele ya ile nguzo, na watu wanacheza kwa furaha. Tunakiri uzito wa sehemu hii: Kanisa lisiridhike kutoroka peke yake huku wengine wakibaki shimoni. Bali kile kichwa kinatusumbua. Nchi hii inakumbuka kichwa cha Mkwawa, kilichochukuliwa mwaka 1898 na kurudishwa Kalenga mwaka 1954. Naye Bunyan mwenyewe anaonya kwamba dhambi yaweza kuijenga tena ngome ile na kulifufua jitu. Basi upanga haukumaliza kazi.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu? Kwa sababu katika masimulizi adui ni jitu, lakini katika vijiji vyetu msikilizaji hutafuta adui mwenye jina. Akiambiwa abomoe ngome ya giza, aweza kuiona katika nyumba ya bibi kizee mwenye macho mekundu, au katika kabila la jirani. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30. Hatusemi mahubiri ndiyo yaliyosababisha. Twasema kwamba katika nchi yenye kidonda cha namna hiyo, lugha ya vita haina budi kufafanuliwa kila inapotumiwa.

Paulo anaifafanua. Neno la Kiyunani alilolitumia kwa ngome katika 2 Wakorintho 10:4 halipatikani penginepo katika Agano Jipya, na mstari unaofuata unaonyesha kwamba ngome hizo ni mawazo na majivuno yanayoinuka juu ya elimu ya Mungu. Waefeso 6:12 yakataza kabisa kuifanya damu na nyama kuwa adui. Naye Luther, katika wimbo wake uliojengwa juu ya Zaburi ya 46, alimwita Mungu mwenyewe ngome. Hakumpa mwimbaji ruhusa ya kumwendea jirani kwa rungu.

Kwa hiyo twashauri wanafunzi wetu wasome sehemu zote mbili za Bunyan, wakianza na ya kwanza. Wanapokutana usharikani na mtu aliyekata tamaa, hata akawaza kujiua, wasimfokee kana kwamba yeye ndiye ngome. Wakae naye, kama Tumaini alivyokaa na mwenziwe gizani na kumzuia asifuate ushauri wa jitu, mpaka ufunguo ukumbukwe.